Barua kwa mwanangu: rangi ya gauni lako

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Huku Wete hatujambo, ila bibi yako miguu inamsumbua kwa mvua hizi. Anakusalimia sana.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza jambo dogo: usiku ule meli ilipozama, gauni lako lilikuwa rangi gani? Unasema mshauri nasaha unayemwendea huko Dar es Salaam amekupa daftari la kuchorea. Umeshachora maji, umeshachora godoro, umefika kwa mtoto umekwama, kwa sababu hukumbuki alivaa nini.

Rangi naijua, mwanangu. Miaka yote hii sijaisahau hata siku moja. Lakini kabla ya rangi nina swali langu, na nimeona si la kusemea kwenye simu, ndiyo nimekaa na kalamu. Hizo picha zako, ukishazimaliza, zinakwenda wapi?

Usinielewe vibaya. Umeniambia habari za yule mtaalamu wa Marekani, James Pennebaker, ambaye katika utafiti wake uliotoka mwaka 1986 aliwaambia wanafunzi waandike mambo yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, na walioandika pamoja na machungu yao wakaonekana kwenda kwa daktari mara chache zaidi miezi iliyofuata. Naamini. Mtu aliyekaa na jambo kifuani anajua uzito wake, hahitaji kusoma chuoni. Ila mimi nilipokusikia nilijiuliza kitu kimoja tu: karatasi zile zilibandikwa ukutani? Nina yakini hazikubandikwa. Wale watoto wasingeandika.

Nakwambia hivi kwa sababu na mimi niliwahi kupewa karatasi. Sikuwahi kukusimulia.

Meli ilizama usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, upande wa Nungwi, ikitoka Unguja ikija huku kwetu Pemba. Hayo unayajua, na habari za ng'ombe wa mjomba wako aliyeuzwa ili tukurudishe kwa ndege unazijua vilevile. Maiti zilizoopolewa zilikuwa zaidi ya 200. Waliopotea wasionekane tena walikuwa wengi kupita hao, na babaako yumo. Wengine walizikwa pale mahali paitwapo Kama, Unguja, bila kutambuliwa, kwa hiyo mpaka leo nikisoma Fatiha sijui niielekeze nchi kavu au baharini. Naisoma tu, Mungu anajua pa kuipeleka.

Basi mwaka uliofuata wakaja watu wa shirika moja. Walikuwa watu wema, wapole, sisemi. Wakatukusanya wanawake kwenye darasa la skuli, wakatugawia karatasi nyeupe na kalamu za rangi, wakasema kila mtu achore kilichomkaa moyoni. Wengine wakacheka kwa haya, maana tangu utotoni hatujashika kalamu ya rangi. Mimi nikachora. Nilichora godoro, na juu yake mtoto mdogo kama punje ya mchele, na pembeni mkono mmoja unalisukuma. Mkono tu, mtu mwenyewe sikumchora. Ulikuwa umeshaniambia kwamba babaako alikupandisha juu ya godoro, pamoja na yule mwanamke tusiyemjua mpaka leo, kisha akalisukuma mbali na meli. Nilipouchora ule mkono nilitulia, wallahi. Usiku huo nililala mpaka adhana.

Hilo lazima niliseme, nisije nikakudanganya.

Wiki chache baadaye tukaitwa ukumbini. Picha zetu zimebandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi, na wageni wanapita na soda mkononi, wanatazama, wanapiga picha za picha. Mgeni mmoja akasimama mbele ya karatasi yangu, akauliza. Kijana mkalimani, hata hakunigeukia, akamjibu, na mimi kiingereza changu kidogo kikanitosha kusikia: huyu mama amechora kitanda, anamkumbuka mumewe. Mgeni akatikisa kichwa kwa huruma, akapiga picha, akaenda kwenye nyingine.

Kitanda! Mwanangu ameelea juu ya kile kitu usiku kucha, babaake ametumia nguvu yake ya mwisho kukisukuma, na wao wanasema kitanda. Nilitaka kwenda kuing'oa. Sikwenda. Nilivuta ukaya wangu, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Karatasi yenyewe sikuiona tena.

Tangu siku hiyo ndipo ukanisikia nasema kazi ya mkono haitaki mkalimani. Nimelisema mara nyingi mbele yako, ukidhani nasemea mikeka.

Halafu najibishana mwenyewe. Jirani yetu wa mlango wa pili, aliyepoteza watoto wawili wa kiume, naye alikuwapo siku ile ya kuchora. Tangu msiba alikuwa halii wala hasemi, akikaa barazani mtu unampita kama unapita jiwe. Alichora duara nyeusi, moja juu ya nyingine, mpaka karatasi ikatoboka, kisha akaangua kilio ambacho sisi wote tulikuwa tunakingoja miezi. Kesho yake alipika. Kule ukumbini duara zake zikabandikwa karibu na godoro langu, naye akasimama mbele yake, akasema kwa sauti, "Hizi zangu mimi." Hakuona aibu hata chembe. Alitaka zionekane. Sasa nitasemaje kwamba ukuta ni mbaya? Kwake ulikuwa dawa. Kwangu ulikuwa kidonda juu ya kidonda.

Labda tofauti ni kwamba yeye aliulizwa, au alijisemea mwenyewe. Mimi nilisemewa.

Ninachokijua vizuri ni ukindu, majani haya ya kusukia mikeka. Wakati huo wa shirika mimi nilikuwa nimeshaanza dawa yangu bila kujua kwamba ni dawa. Sheikh alisema nihesabu eda tangu usiku ule ule, ingawa mayiti hatukumwona: miezi 4 na siku 10. Nimo ndani, sitoki, wewe umelala kutwa umenigeuzia mgongo. Bibi yako akaniletea mzigo wa ukindu, akauweka chini, hakusema neno. Nikaanza kuuchana kwa kucha, kuuanika uani, kuuchemsha kwenye rangi, kuuanika tena, kuulowesha maji usikatike, kisha kusuka. Ukili, ule utepe unaoshonwa ukawa mkeka, unakwenda pima kwa pima. Vidole vinafanya, kichwa kinapumzika. Siku ukisuka umekasirika ukili unakaza kama kamba, siku ukisuka umelia unalegea. Ukiukunjua wote unaweza kuonyesha kwa kidole: hapa nilikuwa hivi, hapa nilikuwa vile. Mwingine akiutazama anaona ukili tu.

Na rangi niliitafuta. Mjane hajipambi, mimi rangi zangu zilikuwa ndani ya sufuria. Gauni lako lilibaki huko Unguja, walikuvua wakakuvisha fulana ya mwanamume, hakuna aliyejua limetupwa wapi. Nikasema nitaitoa rangi ile kwa kichwa changu. Nikachanganya nyekundu na buluu, ikatoka kama ini. Nikapunguza, ikatoka kama tope. Mara ya tatu nikauacha ukindu ulale kwenye maji yake yaliyopoa mpaka alfajiri, nikauinua, nikakaa chini pale pale jikoni. Ilikuwa yenyewe. Tarehe 18 Julai 2012 ilipozama ile meli nyingine karibu na Chumbe, nilikuwa nashona mkeka wa ukindu huo. Watu wakapita wakipiga kelele barabarani, na mimi sikuinuka. Nilishona mpaka shazia, sindano ile kubwa ya mikeka, ikanitoboa kiganja, alama unaijua, uliwahi kuniuliza nikakwambia ni kisu cha muhogo.

Sasa najiuliza kama na mimi sikukosea. Nasema kazi ya mkono haitaki mkalimani, lakini mtoto wangu mwenyewe amekua juu ya kazi ile pasipo kujua inasema nini, mpaka amekwenda kumtafuta mtu wa kumsikiliza huko mbali, na kuniuliza kwa simu rangi ya gauni lake. Nilidhani nikinyamaza nakupumzisha. Huenda nilikuwa najipumzisha mimi. Ukuta ulinisema uongo, na mimi kwa kuuogopa ukuta nikakunyima hata wewe. Hilo linaniuma, naliandika huku linaniuma.

Kwa hiyo uchore au usichore? Neno liko kwenye ulimi, unanijua. Nalimeza. Wewe ndiye uliyekuwa juu ya godoro, mimi nilikuwa nchi kavu nimelala. Ila mshauri wako akikuomba daftari akawaonyeshe wengine, nakuomba kwa haki ya maziwa yangu: kwanza uulize ni nani watakaotazama, na uwepo wewe mwenyewe pale, useme kwa mdomo wako hiki ni nini. Usipotaka kusema, ulifunike. Na ile picha yenye babaako, kama umemchora, ningependa kuiona. Sitamwonyesha mtu. Hata bibi yako sitamwonyesha mpaka useme.

Lile gauni nilikushonesha kwa ajili ya Idi kwa fundi wa pale sokoni. Rangi yake haikuwa zambarau wala waridi, ilikuwa katikati, kama ganda la kitunguu maji. Lakini maneno hayatakufaa kuchorea, ndiyo maana nimeweka kitu ndani ya bahasha. Unakumbuka mkeka wa chumba cha uani, uliosomea Juzuu Amma juu yake? Mstari wa katikati ndio ule ukili. Mchwa wameula upande mmoja, nikakata kipande kizima kilichobaki. Juu kimepauka kwa jua. Fumua mshono taratibu kwa ncha ya sindano, pale ukili ulipopandana, ndani ndipo rangi ilipobaki. Itazame nje, mchana, usiitazame kwenye taa.

Mimi mamaako