Kabla ya Kuongeza Dawa, Tazama Nozeli

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba amepulizia kiuagugu mara mbili, magugu yakanyauka ncha tu, na sasa anakusudia kuzidisha kipimo cha dawa. Nilipomuuliza anatumia nozeli gani, yaani kile kichwa kidogo kwenye ncha ya bomba kinachotawanya dawa, alijibu kwamba ni ile iliyokuja na bomba. Jibu hilo nimelisikia sana, kwani mshirika wangu wa zamani wa kilimo alinijibu hivyo kila nilipoligusa suala hili.

Bomba letu la mgongoni lilikuwa na nozeli ya koni, ambayo hutoa matone madogo yanayopenya katikati ya majani, kwa hiyo hufaa viuakuvu na viuadudu ambavyo havina budi kuligusa jani pande zote. Yeye aliitumia hata kwa kiuagugu, ingawa matone madogo hupeperushwa kirahisi, na mazao ya pembeni yakaungua huku magugu yakisimama. Mimi nilinunua nozeli bapa, ile inayotandaza dawa kama upepeo, nikaanza kukinga maji kwenye jagi la vipimo kwa dakika moja kamili, naye akanicheka mbele ya vibarua kwamba nimegeuza shamba kuwa maabara. Kicheko hicho sijakisahau, wala sioni kwa nini nikisahau. Upande wangu magugu yalikufa kwa kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye lebo. Yeye alisema dawa ya upande wake ilikuwa feki, ingawa tuliichota kwenye chupa moja.

Nozeli nyingi hufuata rangi za kimataifa: kwa mgandamizo wa baa 3, ya njano hutoa takriban lita 0.8 kwa dakika, ya bluu 1.2 na nyekundu 1.6. Ukitembea mita moja kwa sekunde ukipulizia upana wa mita moja, ile ya njano itatumia takriban lita 133 kwa hekta, na hapo ndipo utajua uchanganye dawa kiasi gani katika kila bomba. Kupampu kwa nguvu hakusaidii: ili maji yatoke maradufu, mgandamizo lazima uwe mara nne, na matone yatazidi kuwa madogo na kuchukuliwa na upepo. Anayetaka maji mengi abadilishe nozeli. Lakini wakulima tunapenda kununua chupa ya pili kuliko kupima, kisha tunawalaumu wauza dawa.

Basi, ndugu msomaji, weka nozeli bapa, kinga maji kwa dakika moja, na ukiona yanazidi kiwango cha nozeli mpya kwa zaidi ya asilimia 10, itupe, maana tundu limelika. Ikiziba, isugue kwa brashi laini. Usiichokonoe kwa waya, na usiipulize kwa mdomo.