Wasomaji Wanauliza: Friji ya bia haipumziki, kidhibiti joto kinasoma vibaya

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Leeds, Uingereza, na hutengeneza bia aina ya ale nyumbani. Ndoo ya kuchachushia huiweka ndani ya friji kuukuu inayoongozwa na kidhibiti joto cha STC-1000 kilichopangwa nyuzijoto 19, na kihisi chake hukitumbukiza moja kwa moja kwenye bia. Sasa kioo kinaonyesha 26 ilhali kipimajoto cha kawaida kinasoma 11, friji haizimiki, na bia imeacha kutoa povu. Je, ninunue kidhibiti kipya?

JIBU: Ndugu Msomaji, usinunue bado. Dalili ulizoeleza zinaelekeza kwenye kihisi, ambacho huuzwa peke yake kwa bei ndogo kuliko kifaa kizima.

Ndani ya ncha ya kihisi mna kipande kidogo kiitwacho themista, ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda, na kidhibiti husoma ukinzani huo na kuugeuza kuwa nyuzijoto. Bia ikipenya pale waya unapoingia kwenye ncha, umeme hupata njia ya mkato, ukinzani hushuka, na kifaa huendelea kuamuru friji ipoze kikidhani kuna joto. Waya uliobanwa na mlango wa friji hadi ukakatika nusunusu kwa ndani, ukinzani ukapanda, huweza kuleta kinyume chake: kifaa husoma baridi, na kama umeunganisha mkanda wa kupashia joto, huwaka bila kukoma. Hilo naliogopa zaidi, kwa sababu bia iliyopata joto kali hamira ikiwa kazini hubaki na ladha mbaya isiyoondoka.

Ili kuthibitisha, jaza bilauri barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, kisha tumbukiza ncha kwa dakika chache. Kihisi kizima kitasoma sifuri au karibu yake. Baada ya hapo chomoa plagi ukutani, kwa maana kifaa hicho hupitisha volti 230, legeza skrubu za namba 3 na 4, toa nyaya mbili za kihisi na uzipime kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, ukiiweka kwenye kipimo cha ukinzani. Kwenye nyuzijoto 25 unapaswa kupata takriban omu 10,000, na kwenye maji ya barafu karibu mara tatu ya hapo. Ukipata kiasi kidogo mno, au kinachoyumba unapokunja waya, kihisi kimekufa. Nunua kingine cha aina hiyohiyo. Nyaya zake hazina chanya wala hasi. Usijaribu kuficha kosa kwa kusahihisha kipimo kwenye F4, mpangilio wa kidhibiti wa kurekebisha usomaji wa joto, kwani unyevu huendelea kuingia na kosa hubadilika nao.

Chunguza na rilei pia, yaani swichi iliyo ndani ya kidhibiti inayowasha na kuzima friji. Kompresa ya friji inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi mara kadhaa kuliko ikishatulia, na mivuto hiyo huweza kuunguza vigusio vya rilei hadi vikagandana. Ukishafunga kihisi kipya, panga kiwango kilicho juu ya joto lililopo ili taa ya kupoza izimike, kisha sikiliza: friji ikiendelea kunguruma, hapo kweli kifaa kibadilishwe. Acha F3, mpangilio wa muda wa kuchelewesha kompresa, kwenye dakika 3 au zaidi ili kompresa ipumzike kabla ya kuwashwa tena.

Kihisi kipya kibandike ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa bia, na ukifunike kwa sponji nene ili kisisome hewa ya friji.

Bia yenyewe usiimwage. Hamira ya ale huzubaa kwenye nyuzijoto 11, kwa hiyo ipandishe polepole hadi 19, tikisa ndoo taratibu bila kuifungua ili hamira iliyotuama iinuke, kisha pima kwa haidromita, kipimo kinachoelea ndani ya bia na kuonyesha sukari iliyobaki. Usiitie chupani mpaka kipimo kibaki palepale kwa siku tatu mfululizo, kwa sababu sukari iliyobaki ikiendelea kuchacha ndani ya chupa inaweza kuipasua.