Mgonjwa akienda fizio, wewe ingia naye

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Ngaramtoni aliniandikia. Mume wake amepata kiharusi, ametoka wodini, upande wa kulia hauna nguvu na maneno yanatoka kwa shida. Amepangiwa mazoezi mara mbili kwa wiki. Kinachomkosesha dada huyu usingizi ni mashemeji zake. Wanamwambia, "Nauli yote hiyo ya bajaji akanyooshwe mguu tu? Si umnyooshe mwenyewe hapo nyumbani?" Ananiuliza kama kweli mazoezi yanasaidia, na awajibu nini.

Dada yangu, pole sana. Ujumbe wako umenirudisha kwenye kikao cha ukoo ambacho sitakisahau, nilipoambiwa maneno hayohayo juu ya mama yangu mzazi. Nimeamua kukujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Kila mwenye mgonjwa ndani anayesoma hapa anataka kitu kimoja tu, mtu wake asimame.

Mama anaishi Uru, kwenye kihamba alichoachiwa na marehemu baba. Mwaka juzi, kipindi cha masika, alikwenda kukata majani ya ng'ombe, akaangukia palepale kwenye migomba. Majirani walimbeba hadi barabarani, Noah ikatafutwa, akafikishwa hospitali ya KCMC. Mkono wa kushoto na mguu wa kushoto vilikuwa vimelegea. Siku za wodini nazipita, kila aliyewahi kukaa na mgonjwa anazijua. Tuliporuhusiwa nikamleta kwangu Majengo, kwa sababu njia ya Uru wakati wa mvua humshushi mtu ambaye hawezi kukaa bila kushikwa. Tukaanza kwenda kliniki ndogo ya fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo, hapa mjini Moshi.

Mwezi haujaisha, kikao kikaitwa. Baba mdogo akasema mazoezi ni ya wachezaji mpira, mama amekula chumvi ya kutosha, apelekwe nyumbani akapumzike. Kaka zangu walioko Dar wakatuma ujumbe kwamba tuangalie namna ya kupunguza gharama. Mwingine akapendekeza mtu wa kuchanja. Mama alikuwa amekaa palepale, anasikia kila neno, na hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Watu wale wamekula machalari na mtori wa mkono wake tangu wako shule ya msingi. Nikisema moyo umepoa nitakuwa nawadanganya. Bado unauma.

Basi nikaendelea kumpeleka. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo ninalotaka ulishike kuliko yote nitakayosema leo. Siku za mwanzo nilikuwa namfikisha mama mlangoni, wanamwingiza, mimi nakaa kwenye benchi nje na simu yangu kama wasindikizaji wengine. Hakuna aliyeniambia nifanye vingine. Kisha dada fizio, binti mpole aliyesomea hapohapo KCMC, akatoka akaniita. Akaniambia, "Wiki ina saa 168. Mimi nampata mama kwa saa mbili. Hizo nyingine zote ni zako. Ingia nikuonyeshe."

Niliingia na sikubaki nje tena.

Ndani nikaona kumbe kazi yenyewe siyo kunyoosha mguu. Sehemu ya ubongo imekufa, na sehemu zilizobaki zinafundishwa kufanya kazi ambayo hazikuwa zinaifanya. Hazifundishiki kwa kuambiwa, zinafundishika kwa kurudia. Kusimama kutoka kwenye kiti na kukaa, kusimama na kukaa, mpaka jasho. Ndiyo maana miezi ya mwanzo ina thamani kubwa, maana ndipo mwili hurudi kwa kasi zaidi. Ndiyo maana pia saa mbili za kliniki peke yake hazitoshi. Dada, shemeji zako wako sahihi kwamba mazoezi yanafanyika nyumbani. Wasichojua ni kwamba lazima kwanza mtu afundishwe kuyafanya, na kwamba yakifanywa vibaya yanaumiza.

Chukua bega. Bega la upande uliopooza halina misuli yenye nguvu ya kulishikilia, kwa hiyo mtu akimvuta mgonjwa mkono ili kumwinua, mfupa unaweza kuteleza na maumivu yake hayaishi upesi. Wageni wote waliokuja kumjulia hali mama walikuwa wanataka kumpa mkono uleule mgonjwa na kuuvuta kwa upendo! Nilifika mahali pa kukaa upande huo kama mlinzi. Mgonjwa huinuliwa kwa kushikwa kiunoni, na akikaa, mkono uwekewe mto.

Na maji ya moto. Kila jirani atakuambia umkande. Upande uliopooza mara nyingi hauhisi joto vizuri, mgonjwa anaungua na hasemi kitu kwa sababu hajui kwamba anaungua. Tulikuwa na mzee mmoja pale kliniki ambaye alisimamisha mazoezi muda mrefu, akiuguza kidonda cha kukandwa. Waliomkanda walikuwa watoto wake wanaompenda.

Sasa niwaambie kuhusu benchi lenyewe, kwa sababu nimelisema kama vile halina maana, na siyo kweli. Pale varandani nimepata ndugu. Kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, yuko kwenye magongo. Kulikuwa na mgumu mmoja, yaani mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, amebeba mizigo ya wageni miaka mingi, magoti yamekwisha. Yeye ndiye aliyenifahamisha kwamba kupanda hakuui magoti kama kushuka. Kutoka kileleni mita 5,895 hadi geti la Mweka ni teremko la zaidi ya mita 4,000, na mzigo uko kichwani au mgongoni. Kulikuwa na mama wa Pasua mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo. Huyu mama ni mwalimu wangu hadi kesho. Ndiye aliyenifundisha kumfunga mama kanga imara kiunoni ili nipate pa kushika ninapomwinua. Yeye mwenyewe alikuwa amemtengenezea mwanawe kiti cha kona kwa maboksi magumu aliyoyaokota dukani, akayabandika tabaka juu ya tabaka, na mtoto akaanza kukaa wima akala bila kupaliwa.

Tulikuwa tunachangia bajaji, tunaokaa njia moja. Asiyeonekana siku yake anapigiwa simu. Kijana wa bodaboda alipokata tamaa akasema haji tena, yule mgumu alimfuata hadi kijiweni kwake Kiboriloni akarudi naye. Bima ya mtu mmoja iliposumbua, tulichanga, na waliochanga wengine walikuwa hawana hata nauli ya kesho. Nawaambieni, ukoo wangu haukunifanyia hivyo. Watu ambao majina yao kamili siyajui mpaka leo ndio waliofanya.

Kwa hiyo ingia ndani na mgonjwa wako, lakini ukitoka usikimbie. Kaa kidogo, zungumza na watu. Utapata pale mambo ambayo daktari hana muda wa kukwambia.

Miezi ya katikati sina la kusimulia. Ni kuinuka na kukaa, kuinuka na kukaa. Mguu ulitangulia, mkono ukabaki nyuma, na ndivyo inavyokuwa kwa wengi. Ila vidole vya mguu vilikuwa vinaburuza chini na mama anajikwaa. Dada fizio akatuandikia twende karakana ya KCMC, palepale ilipo TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanza mwaka 1981 na kinachosomesha vijana kutoka nchi nyingi za Afrika. Wengi wetu Moshi tunapita nje yake kila siku hatujui kinachofanyika mle. Walimzungushia mama plasta kwenye mguu, wakapata umbo lake, kisha wakalazia plastiki ya moto juu ya umbo hilo. Likatoka gamba jepesi linaloingia ndani ya kiatu na kuzuia mguu usilegee. Kiatu lazima kiwe kikubwa kidogo, na kila jioni ukague ngozi kama kuna wekundu. Siku alipolivaa alitembea varanda nzima bila kujikwaa. Mama wa Pasua akapiga vigelegele mpaka watu wa duka la jirani wakatoka.

Fimbo nayo. Wengi huiweka upande mbovu wakidhani ndio unaohitaji msaada. Fimbo hushikwa na mkono mzima, upande wa pili wa mguu mgonjwa. Na kwenye ngazi, kupanda anza na mguu mzima, kushuka anza na ule mgonjwa. Mama alikuwa akiimba hivyo kila tunapofika kwenye vidaraja vya mitaro.

Mkono ulirudishwa na jikoni. Dada fizio alimuuliza mama, na ndiye mtu wa kwanza kumuuliza tangu aanguke, "Unataka ufanye nini tena kwa mikono yako?" Mama akasema anataka kumenya ndizi. Basi mazoezi yake yakawa kuchambua mchele, kupukuchua maharage, halafu kushikilia ndizi kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unamenya. Alikuwa polepole mno. Nilikuwa natamani nimnyang'anye nimalize. Usimnyang'anye, dada. Chakula kichelewe, mle saa nne usiku kama ni lazima, lakini usimnyang'anye.

Na dawa za presha asiache, hata akijisikia mzima. Presha ndiyo inayoongoza kuwaangusha watu wetu, na haina maumivu ya kukukumbusha. Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa watu wa mjini. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliorodhesha wagonjwa wapya wa kiharusi Dar es Salaam na hapa jirani wilayani Hai. Dar walikuwa wengi zaidi, ni kweli, lakini Hai, penye migomba na mashamba, wagonjwa hawakukosekana. Nendeni mkapime. Wewe unayesoma hapa na una miaka arobaini, umepima lini?

Desemba watu walipopanda nyumbani kwa sikukuu, "kuhesabiwa" kama tunavyotania, mama alikuwa amesharudi Uru. Kaka zangu waliteremka kwenye gari, mama akatoka mlangoni na fimbo yake, akavuka uwanja, akawapokea getini. Kaka mkubwa alilia. Baba mdogo alisema, "Mungu ni mkubwa." Ni kweli Mungu ni mkubwa, nami namshukuru usiku na mchana. Lakini kulikuwa na watu pia. Kulikuwa na dada fizio, kulikuwa na kanga ya mama wa Pasua, na nilikuwepo mimi. Najivunia hilo na sitalionea haya.

Ndugu zangu, tuache tabia ya kumhukumu mgonjwa kabla hajamaliza safari. Tunachanga mamilioni kwa ajili ya msiba, tunakodi maturubai na mabasi, na mtu huyohuyo alipokuwa hai anahitaji nauli ya bajaji tulimwambia apumzike. Mchango wa kumwinua mtu uje wakati bado ana mguu wa kuinulia. Na wewe unayemuuguza, ingia ndani. Nasema tena, ingia ndani. Uone wanachofanya, uulize, uombe uandikiwe kwenye karatasi, ufanye mbele yao wakusahihishe. Nyumbani, kama bado hajigeuzi, mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, mpeane zamu. Usibebe peke yako.

Sasa, dada wa Ngaramtoni. Kama mlikopangiwa ni mbali, ulizia kitengo cha fiziotherapia cha hospitali ya Mount Meru, ili angalau nauli ipungue. Ama mashemeji, usiwajibu kwa maneno. Baba mdogo nilimjibu kwa maneno mwaka mzima na hakuna kilichobadilika, mpaka siku aliposhuka mjini kwa shughuli zake nikamwomba anisaidie kumpandisha mama kwenye bajaji. Tulipofika, dada fizio akamweka yeye upande wa kushoto wa mama, akamwambia, "Mzee, mshike kiunoni, akiyumba wewe ndiye ukuta." Alimshika nusu saa nzima. Kuanzia wiki ile nauli ya Alhamisi alikuwa anaituma yeye, bila kuombwa, na hakusema lolote kuhusu wachezaji mpira.

Kwa hiyo Jumatatu mchukue shemeji yule mwenye maneno mengi kuliko wote. Mwambie huna mtu wa kukusaidia kumwinua kaka yake, na si uongo. Mkifika, aingie naye, nawe uwe upande wa pili. Kisha uniandikie.