Mwanangu, kuhusu kile kitabu ulichokiona kimevishwa

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ile ya kwanza kelele za basi la huko Birmingham zilimeza nusu ya maneno. Ati umeenda harusi ya rafiki yako kwa hekalu la Makalasinga, mlangoni wenzio wakapewa vitambaa vya chungwa wajifunge vichwa, wewe na mtandio wako ukapita tu, ndani ukakuta kitabu juu ya kitanda kidogo kimefunikwa nguo za kung'aa kama bi harusi, na kila anayeingia anakiinamia mpaka paji la uso liguse chini. Ukaniuliza, "Mama kwani hawa wanaabudu kitabu? Na si wewe ulikuwa ukiwashonea hizo nguo?"

Nilikuwa nikiwashonea ndio, na hilo swali lako na mimi nilikuwa nalo.

Zile nguo waziita rumala. Ni neno la Kiajemi, rumal, yaani kitambaa cha kupangusia uso. Sasa we fikiria leso yetu hii tunayojifunga, si nayo ilianza hivo hivo, neno la Kireno, kijitambaa cha mkononi, wanawake wa pwani wakawa wananunua vile vitambaa kabla havijakatwa wakaviunga sita sita mpaka ikawa nguo nzima. Ya kwetu ilipanda ikafika kiunoni, ya kwao ikapanda ikamfikia Guru, yaani mwalimu wao mkuu wa dini.

Na hapo kwa Guru ndipo jibu lako lilipo. Maguru wao walikuwa kumi, wa kwanza Nanak, wa mwisho Gobind Singh, na huyu wa mwisho mwaka 1708 kabla hajafa alisema baada yangu hakuna mtu tena, Guru wenu ni hiki kitabu, Guru Granth Sahib, basi. Kwa hivyo wanachokifanya pale ni adabu ya kumkaribisha mkubwa aliye hai, tena mkubwa mwenye enzi. Alfajiri anafunguliwa, usiku anafungwa akapelekwa chumbani kwake kulala, ana kigodoro na mito, juu yake kunatandwa chandoa (sikia mwenyewe lilivyo karibu na chandarua letu), na mtu anakaa nyuma akimpepea kwa usinga. Mambo ya wafalme wa zamani hayo, mfalme hakai juani wala hakai mtupu. Wakisoma wanayafunua yale maneno, wakimaliza wanayasitiri.

Lakini kuabudu kitabu, hapana. Mwongozo wao walioupitisha 1945 ndio huo huo unaosema lazima kuwe na mito na chandoa na rumala, halafu unakataza kukizungushia taa na kukipigia kengele, kukiwekea vyakula vya sadaka, kuweka maji chini ya kile kitanda, hata kuikanda miguu ya kitanda umekatazwa! Ukiona kitu kimekatazwa mpaka kwa undani hivo ujue kuna watu walikuwa wakifanya. Na bibi yako Allah amrehemu, msahafu wake si aliufunga kwa leso mpya akauweka juu ya kabati, kuna aliyemwambia anaabudu leso?

Ule mshipi wa bwana harusi uliouona, ambao baba wa bibi harusi alimshikisha binti yake ncha, unaitwa palla, ndio wameushika hivo wakizunguka kitabu mara nne. Na ile shali ya chungwa waliyovishwa wale wazee ni siropa, heshima ya mtu aliyefanya jambo, ichukulie kama kilemba anachopewa fundi na mwanafunzi wake aliyehitimu. Mteja wangu, yule mzee wa Kikalasinga aliyekuwa akiniletea hizo rumala nishone, alikuwa akicheka anasema siku hizi siropa wanavishwa mpaka wanasiasa, nikamwambia mzee hicho kwetu ni kilemba cha ukoka.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha yote haya. Ndiye aliyeniambia kule Dera Baba Nanak, Punjab, kumehifadhiwa joho wanalosema ni la Guru Nanak, limejaa aya za Qur'ani, nikabaki mdomo wazi.

Sasa nikwambie kosa langu. Mara ya kwanza aliniletea satini ya buluu na lesi ya dhahabu, nishone kipande kikubwa na vidogo viwili. Satini waijua inavyoteleza, mezani haikai, basi nikatandika mkeka nikaishusha chini naikata, mguu mmoja nimeukanyagia kwenye pindo isinikimbie. Mzee huyo mlangoni. Hakunifokea. Alivua viatu, akachuchumaa na magoti yake yale mabovu, akasubiri nitoe mguu, akaiokota akaiweka mezani, akasema, "Mama, hii itamfunika Guru." Wallahi nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwambia ntanunua nyingine kwa pesa yangu, akakataa kabisa, akasema haijatolewa bado, leo ni kitambaa tu, ila tangu sasa kata juu ya meza na utandike shuka safi. Nikawa nafanya hivo miaka yote, mpaka nguo za watu wengine nikazoea kuzikatia juu, mgongo ukanishukuru.

Na yale mabaki aliniachia. Sasa we kumbuka gauni lako la Idi la buluu, lile la lesi ya dhahabu ulilolala nalo siku mbili ukikataa kulivua. Liko kwa sanduku bado, pindo limefumuka kidogo. Ntakutumia picha nikipata chaji.