Gemu ya gereji: mashine nilizozipuuza zikanila hela

Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa yangu wa barabara ya 12 hapa Ngamiani, Tanga, juzi kaniuliza mbona yeye kwenye Car Mechanic Simulator (gemu ya kompyuta ya kuendesha gereji) anatengeneza magari kutwa nzima na hela haikai, nikacheka maana mi mwenyewe nilipitia hapohapo, mwezi mzima nafungua nafunga nafungua nafunga, mwisho wa siku nimebaki na senti za kununulia plagi moja. Kwa hiyo nimeona bora niandike tu, na wengine wasome.

Mi nacheza ile ya 2021 (ilitoka Agosti 2021, kabla yake nilikua na ya 2018 ambayo cha kushangaza ilitoka Julai 2017, sijui walikua na haraka gani). Laptop yangu ni ya mtumba na feni yake inalia kama bajaji inapanda mlima, ila inaenda.

Sasa shida yangu kubwa ilikua hivi. Gari ya mteja inaingia, karatasi ya kazi inasema kuna vitu kadhaa vibovu ila vingine haikutajii ni vipi, mi napandisha gari kwenye lifti naanza kufungua kila kitu ninachokiona, kinachoonekana kina kutu nanunua kipya. Diski za breki mpya, shokapu mpya na springi yake, ringi mpya. Mteja analipa, nikipiga hesabu faida ni kama ya kuuza kashata mbili. Halafu ukutani mashine zimejaa nazipita tu kama mapambo.

Aliyenifungua macho ni mjomba. Yeye ana gereji Makorora, gereji ya kweli sio ya kwenye kioo, chini ya mwembe, lifti hana ana shimo. Kaja nyumbani Jumapili kanikuta nacheza, nikamwamkia, akakaa nyuma yangu na kikombe cha kahawa anatazama. Nikatoa diski nikaitupa nikaagiza mpya. Akauliza, "We mpwa wangu, hiyo diski umeipima au umeichukia tu?" Nikamwambia mjomba ina kutu. Akasema diski ikiwa bado nene inachongwa, na mashine ya kuchongea si hiyo hapo nyuma yako?

Kweli ilikuwepo bana. Diski ambayo haijaisha kabisa unaiweka pale inarudi safi kwa hela ndogo kuliko kununua. Vitu vingine vya chuma vina meza yao ya kutengenezea, ila jueni kutengeneza hakufaulu kila mara, na kitu kilichochakaa kupita kiasi hakikubali kabisa. Vya mpira na vya kuisha kama bushi, pedi, filta, tairi, hivyo hata usihangaike, nunua. Mi siku hizi hata nikinunua gari bovu kutoka lile eneo la chuma chakavu, kabla sijaagiza chochote natoa vyote nikavitenga, vya meza huku, vya diski huku, vya kuuza kama chakavu huku. Hapo ndo hela ilipo wakuu, sio kwenye kazi za wateja.

Haya, kupima. Hili ndo kosa la watu wengi, vifaa vya kupimia vinaonekana vidogo kwa hiyo mtu anaviruka anakimbilia kununua lifti ya pili. Usinunue lifti ya pili mapema, utakua na magari mawili usiyojua yana nini badala ya moja. Anza na vipimo. Ile ya kompyuta unachomeka kwenye gari inakusomea mambo ya umeme na sensa. Mita ya umeme ni ya betri, altaneta, stata, koili. Ya kupima presha ya mafuta inakuonyesha kama pampu imekufa. Ya kupima kompreshi (mgandamizo wa ndani ya silinda) ndo naipenda kuliko zote, kwa sababu inakuambia ndani ya injini kukoje kabla hujafungua hata nati moja. Mjomba alinielezea kwenye gari la kweli ukikuta silinda moja iko chini peke yake shuku ringi za pistoni au valvu, ukikuta mbili zinazokaribiana ziko chini pamoja angalia gasketi ya silinda hedi imeungua katikati yao. Nimeizoea hiyo akili hata kwenye gemu.

Na ile njia ya kupitishia gari kupima breki na miguu (yaani shokapu, springi na vinavyoshikilia tairi), pitisha kwanza. Dakika moja tu. Mi nilikua naona inanichelewesha halafu natumia dakika ishirini kufungua mguu ambao ni mzima.

Tairi sasa. Hapa nimepoteza hela mpaka aibu. Ukitoa tairi kwenye gari linatoka na ringi yake, lazima ulipeleke kwenye mashine ya kutenganisha, ndo upate tairi peke yake na ringi peke yake. Nikaagiza tairi nne bila kuangalia namba, nikaleta za 16 wakati ringi ni 17, haziingii. Ukiona 205/55 R16, hiyo 205 ni upana kwa milimita, 55 ni asilimia ya urefu wa ubavu ukilinganisha na huo upana, 16 ni inchi za ringi. Na usidhani mbele na nyuma ni sawa, kuna magari ya kasi nyuma wanavaa pana zaidi, angalia kila moja. Ukishalifunga tairi jipya kwenye ringi lipeleke kwenye mashine ya balansi, ya kusawazisha uzito wake, kabla hujarudisha kwenye gari, maana nimeshawahi kukumbuka balansi gari likiwa chini limefungwa kila kitu, nikafungua yote manne upya usiku wa manane. Kwenye maisha ya kweli tairi la mbele lisilo na balansi ukitoka hapa Kange unaelekea Segera ukifika kama 80 stelingi inaanza kukutetemekea mkononi, ndo vile vipande vidogo vya risasi unavyoona vimebandikwa kwenye ringi kazi yake.

Mashine ya kubana springi, hii kwenye gemu ni kubofya tu, unaweka mguu mzima unatenganisha shokapu, springi na kofia yake, unabadilisha kilichokufa tu. Nilivyokua sijui nanunua vyote vitatu. Ila mjomba alivyoiona kanyamaza kidogo, akasema hiyo kitu kwenye gereji ukiibana vibaya ikachomoka inaruka na inaweza kukuua, kwa hiyo wale mnaocheza na mnaotaka kwenda kujaribu kwa baba zenu, springi muachieni fundi.

Kreni ya injini nayo watu wanaiogopa bure. Shusha oili kwanza, toa vinavyozuia, na usihangaike kukariri, ukijaribu kutoa kitu kimezuiwa gemu inakuwashia rangi vile vinavyokizuia. Injini ikishakaa kwenye stendi unaizungusha unavyotaka, unaona chini na juu, raha tupu. Kama unatengeneza injini nzima usijitese kuifanyia ndani ya boneti, itoe.

Kitu kimoja tu gemu inadanganya, nati. Zinafunguka zote. Hapa kwetu na upepo huu wa chumvi wa bahari, gari la Raskazone lililolala nje miaka mitano nati zake zinataka mafuta ya kutu, nyundo, na dua. Mjomba alinitazama nafungua egzosi ya gari la zamani lililotolewa ghalani, bolti zinatoka laini kama zimepakwa siagi, akaweka kikombe chini akasema "Hilo gari sio la Tanga."

Halafu akaniomba nimwachie kidogo. Umeme ulikatika saa nne usiku bado kakalia kiti changu, na alikua hajasevu.