Povu la maziwa bila mashine: Shangazi anajibu

Shangazi, shikamoo. Nyumbani kwetu sote tunapenda kahawa ya maziwa yenye povu zito juu, ila mashine hatuna na sina mpango wa kuinunua. Nimechemsha maziwa nikayapiga kwa uma, nikaambulia mapovu makubwa kama ya maji ya kufulia, yakapasuka kabla kikombe hakijafika mezani. Mara nyingine nikayaacha yapoe hadi yakawa vuguvugu ndipo nikayapiga. Safari hiyo hata hayo mapovu sikuyaona. Dada yangu anasema nitumie chupa ya jemu. Ni kweli au ananitania?

Marahaba mwanangu. Dada yako hakutanii, na kwenye hiyo chupa nitafika. Tuanze na maziwa, maana kila anayeniandikia anataka kujua anunue kifaa gani, na mimi niliyesimama miaka mingi nyuma ya kaunta ya kahawa jibu langu ni lile lile: angalia maziwa yako na joto lake, kifaa baadaye.

Maziwa freshi ni maji kwa asilimia 87 hivi. Kazi ya povu inafanywa na kile kidogo kinachobaki, hasa protini, ambayo ni asilimia 3 na ushei. Ukiyapiga maziwa unaingiza hewa ndani. Protini hukimbilia pale hewa inapokutana na maji, zikajipanga kuzunguka kila kiputo na kukivika utando mwembamba. Bila utando huo kiputo kinapanda juu na kupasuka, basi.

Mchokozi ni mafuta. Na hapa ndipo kilipo kisa cha maziwa yako ya vuguvugu. Kati ya nyuzijoto 20 na 40 hivi, mafuta ya maziwa huwa nusu yameganda, nusu yameyeyuka. Katika hali hiyo vitone vyake vinapasuka kirahisi, mafuta yanatambaa juu ya ule utando wa protini na kuutoboa. Maziwa yakiwa baridi ya friji, mafuta yameganda na yametulia, hayasumbui mtu. Yakivuka 40, yameyeyuka yote na vitone vyake vinabaki vizima. Kwa hiyo piga maziwa yakiwa baridi kabisa, au yapige yakiwa moto. Vuguvugu achana nalo. Ukiyapiga hapo utachoka mkono na povu usilione.

Kosa lako la kwanza lilikuwa kuchemsha. Maziwa ya kutia povu yanatakiwa yafike nyuzijoto 60 hivi, 65 mwisho. Ukipita 70, sehemu ya protini inaanza kuharibika umbo, utamu wa maziwa unafunikwa na ile ladha ya kupikwa, na ukiendelea unapata utando wa juu ambao kwenye kikombe cha kahawa haupendezi hata kidogo. Kama huna kipimajoto, shika ubavu wa jagi au sufuria ndogo ya chuma kwa kiganja. Ukiweza kushika ukatulia, bado. Ukilazimika kuondoa mkono baada ya muda mfupi, umefika. Kwa macho utaona mvuke unapanda na viputo vidogo vidogo vimeshika kwenye kingo za sufuria, lakini katikati pametulia. Katikati pakianza kutikisika, umechelewa.

Sasa chupa. Chukua chupa ya jemu ya kioo yenye kifuniko cha kuzungusha kisichovuja. Ioshe vizuri na uisuuze mpaka sabuni iishe, kisha inuse. Ikinuka chochote, rudia. Mafuta kidogo tu yaliyobaki ubavuni yanatosha kuua povu, na mabaki ya sabuni nayo hayana msaada. Tia maziwa baridi, yatoke friji saa hiyo hiyo, yasizidi theluthi moja ya chupa. Watu wanajaza nusu au zaidi kisha wananiandikia kulalamika. Hewa ikae wapi?

Funga, shika kwa mikono miwili, tikisa kwa nguvu, juu na chini, si kwa kuzungusha. Usihesabu sekunde, sikiliza. Mwanzoni maziwa yanapiga kelele, unasikia yanagonga kifuniko na kitako cha chupa. Baada ya nusu dakika hivi sauti inaanza kuwa nzito. Kisha inazibika kabisa, unatikisa na husikii maji, unahisi tu uzito unahama mkononi. Hapo simama. Fungua utazame: maziwa yamepanda karibu mara mbili ya yalivyokuwa, na povu limekaa juu, jeupe, viputo vyake havionekani kimoja kimoja.

Povu hilo bado ni baridi. Kama una maikrowevu, ondoa kifuniko, hasa kama ni cha chuma, weka chupa ndani kwa sekunde 30 na usiondoke. Povu litapanda. Likikaribia mdomo wa chupa, zima. Joto linalikaza lile povu, kwa hiyo likitoka humo linadumu kuliko lilivyoingia. Kama huna maikrowevu, gawa maziwa mapema: nusu yapashe moto jikoni kwenye sufuria, nusu ndiyo utikise. Mimina ya moto kwenye kahawa, halafu chota povu kwa kijiko uliweke juu. Linakuwa povu la baridi juu ya kahawa ya moto, na kuna watu wanalipenda hivyo hivyo. Mimi ni mmoja wao.

Onyo moja, na hili silisemi kwa utani. Usitikise maziwa ya moto ndani ya chupa iliyofungwa. Hewa iliyomo inapata joto ghafla, inatanuka, mvuke unaongezeka, kifuniko kinaruka na maziwa yanakurukia usoni. Na usitoe chupa ya kioo kwenye friji ukaitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Kioo kinapasuka.

Shangazi, hujambo? Chupa nimeshindwa, mikono yangu ina maumivu ya viungo na kutikisa kunaniumiza. Kuna njia nyepesi?

Sijambo, pole na maumivu. Zipo mbili, na ya kwanza ni bora kuliko chupa, afadhali niseme wazi.

Kama nyumbani kuna lile birika la kioo la kahawa lenye kichujio cha wavu unachokisukuma chini kwa kijiti, hilo ni chombo cha povu ambacho wenye nacho wengi hawajui kuwa wanacho. Pasha maziwa kama nilivyoeleza hapo juu, mimina ndani yasizidi theluthi moja, weka kichujio. Kwanza kipandishe na kukishusha karibu na uso wa maziwa, mapigo mafupi ya haraka, ili kivute hewa. Ukiona maziwa yamevimba, shusha kichujio chini kabisa na uendelee na mapigo marefu ya taratibu. Hayo ya pili hayaongezi hewa, yanavunja viputo vikubwa kuwa vidogo kwa kuvipitisha kwenye matundu ya wavu. Kazi nzima haifiki nusu dakika na haihitaji nguvu. Hapa maziwa ya moto hayana hatari ile ya chupa, kwa kuwa hewa inapita pembeni mwa kijiti. Ila usisukume kwa pupa, yatakurukia.

Kabla ya hapo fungua kichujio, kitenganishe sahani zake, sugua kila moja. Mafuta ya kahawa yanajificha katikati ya ule wavu na yanaua povu. Ukipata povu zuri leo na kesho likagoma, tazama hapo kwanza.

Njia ya pili ni kupekecha. Chukua mchapo wa waya wa kupigia mayai, simamisha mpini wake katikati ya viganja, uupekeche huku na huku ndani ya sufuria nyembamba yenye kina. Sufuria pana haifai, maziwa yanatawanyika na mchapo unapiga chini. Inamisha sufuria kidogo ili maziwa yakusanyike upande mmoja, na waya ziwe nusu ndani ya maziwa, nusu juu. Zikizama zote huingizi hewa, unakoroga tu. Povu la kupekecha huwa jepesi kidogo kuliko la birika, lakini kwa kakao linatosha na kubaki.

Blenda? Inafanya kazi, ila inatoa povu jingi la viputo vikubwa, na maziwa ya moto ndani ya blenda iliyofungwa ni hatari ile ile ya chupa. Ukiitumia, tia maziwa baridi.

Shikamoo Shangazi. Nanunua maziwa mabichi ya ng'ombe kwa jirani. Wiki iliyopita yalitoa povu safi, wiki hii nimefanya vile vile na sikupata kitu. Jirani anaapa hajaongeza maji.

Marahaba. Inawezekana kabisa jirani yako anasema kweli. Maji yangepunguza povu, sawa, lakini mara nyingi sababu ni nyingine. Maziwa mabichi yana kimeng'enya kinachovunja mafuta. Yakikaa muda mrefu bila kuchemshwa, au yakitikiswa sana njiani, mafuta yanavunjika na kuachia asidi za mafuta, na hizo zinawahi kukaa pale ambapo protini ingekaa kwenye kiputo. Povu linakufa likizaliwa. Onja: maziwa ya namna hiyo huwa na uchungu wa mbali, au harufu ya mafuta yaliyochacha. Kuyachemsha baadaye hakurudishi kilichoharibika.

Kwa hiyo yachemshe mara tu yanapofika. Hilo ni la lazima hata kama hukutaka povu, kwa sababu maziwa mabichi hubeba vijidudu vya maradhi. Yakishachemka, yapoze haraka, sufuria ndani ya beseni la maji baridi, kisha friji. Yakipoa, engua malai yote ya juu, ndipo uyatikise au uyapashe upya hadi nyuzijoto 60. Usiache malai ukidhani yataongeza uzito. Malai weka pembeni, yana matumizi yake.

Kama unataka povu lisilokuangusha, maziwa ya pakiti yaliyoenguliwa mafuta ndiyo yanayopanda juu zaidi. Ladha yake ni nyembamba, sikufichi. Yasiyoenguliwa yanatoa povu kidogo lakini laini na tamu mdomoni, na mimi nitachagua hayo kila siku. Anayetaka vyote viwili aongeze kijiko kimoja cha chai cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwenye kikombe cha maziwa ya kawaida, akoroge mpaka vidonge viishe, aweke friji yapoe, ndipo apige. Umeongeza protini bila kuongeza mafuta. Hiyo ndiyo siri pekee niliyonayo na nimeigawa bure.

Shangazi, mimi situmii maziwa ya ng'ombe. Ya soya yananikatikia kwenye kahawa, ya lozi hayatoi povu kabisa. Nifanyeje?

Soya kwanza. Ina protini inayokaribia ya maziwa ya ng'ombe, ndiyo maana povu lake ni zuri. Inakatika kwa sababu kahawa ina asidi, na asidi ikikutana na joto kali protini ya soya inaganda. Basi punguza vyote viwili. Pasha soya isizidi nyuzijoto 60, acha kahawa ipumue dakika moja au mbili kabla ya kuchanganya, na utumie kahawa iliyokaangwa hadi ikaiva sana, asidi yake ni ndogo. Tikisa pakiti kabla ya kumimina, kwa maana mazito yake hutuama chini.

Maziwa mengi ya lozi ya dukani yana protini kidogo mno, karibu yote ni maji. Hakuna mkono utakaoyatoa povu la maana. Ya shayiri (oti) pia hayana protini nyingi, ila kuna pakiti zilizoandikwa kuwa ni za kahawa, zilizoongezwa mafuta na chumvi za kupunguza asidi, na hizo zinapigika vizuri kwenye birika la wavu. Tui la nazi usijisumbue, ni mafuta zaidi kuliko protini.

Shangazi, povu langu linakuwa zuri kwenye jagi, lakini nikimimina yanatoka maziwa matupu, povu linabaki nyuma. Halafu je, naweza kuliandaa usiku niliweke friji?

Ukimaliza kupiga, gonga kitako cha jagi mezani mara moja au mbili ili viputo vikubwa vipasuke, kisha zungusha jagi polepole mpaka uso wa maziwa ung'ae na povu lichanganyike na yaliyo chini. Mimina hapo hapo. Ukienda kutafuta kijiko au kujibu simu, maziwa yanashuka, povu linapanda, na mtu wa kwanza anapata maziwa, wa mwisho anapata povu. Kama vikombe ni vingi, piga maziwa ya kikombe kimoja au viwili kwa wakati mmoja.

Kuhusu usiku, hapana. Povu halingoji. Maji yanachuruzika kutoka katikati ya viputo, viputo vidogo vinamezwa na vikubwa, na asubuhi utakuta maziwa yenye ukoko mkavu juu. Andaa chupa safi, uiache friji pamoja na maziwa yako ndani yake, theluthi moja tu, kifuniko juu. Asubuhi utatoa na kutikisa.