Usikubali usukani ung'olewe ili unyooke

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Subaru Impreza WRX ya 2004, nimeishusha kwa springi fupi. Nimebadilishiwa tairodi endi zote mbili (viungo vya nje vya fimbo zinazogeuza tairi) na kupiga alaimenti (kunyoosha tairi kwa mashine) mara mbili, lakini tairi ya mbele kushoto bado inaliwa ndani, na usukani unakaa upande hata barabara ikiwa imenyooka. Fundi mmoja anataka aung'oe usukani aurudishe katikati, mwingine anasema stelingi raki, ule mtambo unaosukuma fimbo hizo, imekufa. Nimsikilize nani?
Msomaji, Kihonda, Morogoro

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwa sasa usimlipe yeyote kati yao.

Anayetaka kuusogeza usukani jino moja kwenye mhimili wake atakunyooshea kitu cha macho tu. Tairi zitaendelea kuliwa, raki itabaki nje ya katikati yake, gari itakata kona vizuri upande mmoja kuliko mwingine, na hapo anapofungua kuna eabegi (mfuko wa hewa wa usalama). Kazi hii nimeiona mara nyingi na inanikera. Usukani hunyooshwa chini ya gari: unafungwa ukiwa katikati, kisha tairodi moja inarefushwa na nyingine inafupishwa kwa kiasi hichohicho.

Lakini kwanza tafuta pleyi, maana gari yenye kitu kinachocheza haishiki alaimenti. Inua mbele, weka stendi, shika tairi mkono mmoja mbele na mwingine nyuma, uitikise. Ikicheza, mwenzako aendelee kutikisa huku wewe umeshika buti ya raki, ule mpira unaofunika mwisho wake. Ukisikia inagonga ndani ya mpira, ni rak endi, yaani kiungo cha ndani cha tairodi. Mafundi wengi hufunga tairodi endi mpya ya nje na kuacha rak endi ileile ya zamani. Kisha shika tairi juu na chini: ikicheza, mtuhumiwa ni boljointi au beringi.

Shusha gari, washa injini, mwenzako ayumbishe usukani kidogo kushoto na kulia. Tazama raki yenyewe ilipofungwa. Ikiteleza kwenye vishikio vyake, bushi zake zimelegea, na bei ya bushi si bei ya raki nzima. Buti ikiwa imejaa oili, hapo sili zimekwisha na fundi wa pili anaweza kuwa na haki. Angalia pia bushi ya nyuma ya mkono wa chini. Ikipasuka, tairi hurudi nyuma ukifunga breki na gari huyumba.

Sasa springi zako. Gari ikishuka, tairi za mbele hulala zaidi kwa ndani juu, yaani kemba hasi inaongezeka, na tou (tairi kutazama ndani au nje) nayo inabadilika. Nina shaka kubwa kwamba mara zote mbili walirekebisha tou peke yake. Kwenye Impreza, bolti ya juu kati ya mbili zinazoshika shokapu ya mbele ndiyo ya kurekebishia kemba. Ukiizungusha, tairi inasimama au inalala. Mwambie wa mashine aanze nyuma, aje kemba ya mbele, tou ya mbele iwe ya mwisho, kwa sababu ukigusa kemba tou inakimbia. Kabla ya kuzungusha tairodi alegeze klipu ya buti ya raki, la sivyo mpira unajisokota na kuchanika.

Kwa matumizi yako ningeweka kemba ya mbele kati ya digrii -1 na -1.5, pande mbili zisipishane zaidi ya nusu digrii, na tou ya mbele sifuri. Wenye WRX wengi hupenda tairi za mbele zitazame nje kidogo ili gari iingie kona haraka. Kwenye mashindano sawa. Kwenye safari ndefu ya Morogoro hadi Dar, kemba hasi ikiungana na tou ya nje ndiyo inayokula tairi kwa ndani.

Dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, magurudumu yote manne. Kemba ya kushoto ikiwa ileile kabla na baada, hawakuigusa.

Halafu usipime ukiwa na hiyo tairi iliyoliwa. Funga mbili za mbele zinazolingana, upepo sawa, ndipo upande kwenye mashine. Tairi iliyokwisha upande mmoja inaweza kuvuta gari hata vipimo vikiwa sahihi.